Gemu la mpira unaobingirika: uinamishe dunia, usukume mpira, au uuache ujiendee?

Kuna dogo wa hapa Sakina, Arusha, anajifunza kutengeneza gemu, juzi kaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe lilinila karibu mwaka mzima. Kaka, nataka gemu la mpira unaobingirika, nianze na la aina gani? Nikamwambia ngoja nikuandikie, maana kwa mdomo tutamaliza chai na chapati zote za watu hapa kibandani na bado hatujafika hata kwenye kamera. Kwa hiyo hii ni ya kwake, na ya chalii mwingine yeyote mwenye laptop ya kuazima na mpira kichwani.

Mi nimekulia Kibosho, ubavuni mwa Kilimanjaro, na Kibosho mteremko unaujua kabla hujajua kusoma. Tulikuwa na ringi za baiskeli, tulikuwa na gololi, zile za kioo za dukani na zile za chuma tulizokuwa tunaomba gereji beringi ikishakufa. Mchezo wetu mmoja ilikuwa unaegesha ubao kwenye jiwe, unaachia ringi na gololi kwa pamoja, tunaona nani anawahi chini. Gololi inashinda. Tukasema labda ringi yetu nyepesi, tukatafuta ya pikipiki, bado gololi inashinda, mpaka kuna mmoja wetu alilia akidhani tunamfanyia mazingaombwe.

Nilikuja kuelewa ukubwani, tena kwa sababu ya gemu. Kitu kinachobingirika kinagawa nguvu ya mteremko mara mbili, nyingine ya kwenda mbele na nyingine ya kujizungusha. Gololi iliyojaa ndani inabakiwa na 5/7 ya kwenda mbele, mpira wenye uwazi ndani kama wa miguu unabakiwa na 3/5, ringi inabakiwa na nusu tu kwa sababu mwili wake wote uko pembeni na kuuzungusha ni kazi. Chukua mteremko wa nyuzi 30: kipande cha sabuni kinachoteleza bila msuguano kinaongeza spidi ya mita 4.9 kwa sekunde kila sekunde, gololi 3.5, mpira kama 2.9, ringi kama 2.45. Uzito haumo kwenye hesabu hiyo hata kidogo. Ringi ya pikipiki ilikuwa inashindwa na gololi ya gramu chache kihalali kabisa.

Naanza na hii makusudi, kwa sababu kosa la kwanza la kila mtu, na mimi nikiwemo, ni kufungua injini, yaani ile programu ya kutengenezea gemu, kuona pale pameandikwa uzito, anajaza 500 akitegemea mpira utakuwa mzito. Haushuki tofauti hata chembe. Mchezaji haioni ile namba. Uzito anausikia kwenye kidole chake, yaani mpira umechelewa kiasi gani kuitikia na ukishaondoka unakataa kiasi gani kusimama, na anausikia kwa masikio. Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya levo, amua kwanza kidole kinashika nini. Hapo ndo njia zinapogawanyika.

Kuinamisha dunia

Hapa mchezaji hagusi mpira kabisa. Anainamisha sakafu, graviti inafanya mengine. Wazo ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani, lile boksi la mbao lenye matundu na vishikio viwili pembeni, kampuni ya BRIO ya Sweden ilianza kuliuza 1946. Kwenye gemu aliyelifikisha juu ni Toshihiro Nagoshi wa Sega na Super Monkey Ball ya 2001, nyani ndani ya mpira wa plastiki, ukisukuma stiki dunia nzima inalala upande huo. Hakuna kuruka, hakuna breki, hakuna batani hata moja ya maana. Na ni gemu la kukasirisha hasa, ila ukianguka hujawahi kusema gemu limeniibia, unajua kabisa ulilaza sana ukachelewa kunyanyua.

Huo ndo utamu wa njia hii. Mchezaji anaongea na mpira kupitia mteremko, kama vile tulivyokuwa na ule ubao. Mpira unakuwa mzito wenyewe bila wewe kuhangaika, kwa sababu mteremko wa nyuzi 10 haukupi spidi yote papo hapo, unakupa kidogokidogo, na kuirudisha nayo inabidi uirudishe kidogokidogo.

Sasa tatizo, na hapa ndo wengi wanaingia mkenge. Ukisikia kuinamisha na una simu mkononi, akili inakwambia si nitumie tu ile sensa ya simu, mtu alaze simu mpira uende! Nilifanya hivyo. Nyumbani kwenye kochi ikawa tamu balaa. Nikampa jamaa tukiwa kwenye kifodi, daladala zetu za huku, cha kutoka Sakina kwenda mjini, kifodi kikapanda tuta, mpira ukaenda zake shimoni, likaja tuta la pili, vilevile, akanirudishia simu akasema hili gemu linacheza na dereva. Sensa haijui kutofautisha mkono wako na shimo la barabarani, zote kwake ni mtikisiko. Ukiichuja ili itulie, mpira unachelewa kuitikia na ule utamu unakufa.

Halafu kuna swali la sifuri iko wapi. Aliyekaa kwenye kiti anashika simu imelala kama nyuzi 45, aliyelala kitandani ameishika juu ya uso, kwa hiyo lazima kila mwanzo wa levo usome simu imeshikwaje na uifanye hiyo ndo tambarare. Na kuna jua. Simu ukiilaza mchana wa saa saba pale stendi, unaona uso wako na mawingu, mpira huuoni.

Dawa yake ni rahisi: inamisha dunia kwa kidole gumba kwenye skrini, achana na sensa. Ile ya Sega yenyewe ilikuwa ya stiki, sio ya kulaza chochote. Sensa iweke kwenye setingi kwa anayeipenda.

Jambo moja la kiufundi ambalo halisemwi sana, usiizungushe sakafu yenyewe. Inaonekana ndo njia ya wazi, si sakafu inainama? Sasa piga hesabu. Levo yako ina ukingo ulio mita 50 kutoka katikati, ukaiinamisha nyuzi 10, ule ukingo umepanda au kushuka karibu mita 8.7, na kama kidole kimefanya hivyo ndani ya robo sekunde basi mpira uliokuwa umekaa pale umepigwa teke kama la punda. Mimi mpira wangu ulikuwa unapaa mbinguni nikaacha kulala nikitafuta kosa. Unachofanya ni kuacha sakafu ilale palepale, unageuza uelekeo wa graviti, na unainamisha kamera pamoja nayo kwa kiasi hichohicho, upande huohuo. Macho ya mchezaji yanaapa kwamba dunia imeinama.

Kusukuma mpira

Njia ya pili dunia imetulia, wewe unasukuma. Babu wa njia hii ni Marble Madness ya Atari ya 1984, kaichora Mark Cerny akiwa bado kijana mdogo sana, na kilichofanya watu waipende kwenye mashine zile kubwa za kutumbukiza sarafu ni kwamba hakukuwa na stiki, kulikuwa na mpira wa kuviringisha kwa kiganja. Unabingirisha mpira, mpira unabingirika. Sijaona mpaka leo pedi inayofanana na gemu lake kiasi hicho. Baadae zikaja Marble Blast zenye kuruka na nguvu za ziada, na Ballance ya 2004 ambayo mpira unabadilika kuwa wa mbao, wa jiwe au wa karatasi na kila mmoja una tabia yake, wa karatasi unapeperushwa, wa jiwe unasukuma vitu ambavyo wa mbao hauwezi.

Njia hii ina uhuru zaidi. Unaweza kuruka, unaweza kukimbia kinyume na mteremko, levo inaweza kuwa ndefu na ya kupinda bila kuogopa ile hesabu ya mita 50. Ila uzito haujileti wenyewe, inabidi uutengeneze kwa mkono.

Na ndani yake kuna njia panda nyingine. Unaweza kuusukuma mpira pale katikati kama unausukuma kwa mkono, au unaweza kuuzungusha na kuacha msuguano wa chini uupeleke. Ukisukuma katikati, unaitikia haraka, ni rahisi, lakini una kitu cha uongo. Nilimpa toleo hilo dogo mmoja wa saluni ya kinyozi jirani, alicheza kama dakika mbili, akasema, "Broo, hili limpira linateleza ka sabuni." Hajui fizikia ya chuo wala nini, ila macho yake yameona mpira unazunguka kwa mwendo usiolingana na ardhi inavyopita chini yake. Mpira unaobingirika bila kuteleza, spidi yake ni sawa na mzunguko mara nusu kipenyo, basi. Ikipishana hata kidogo mtu anaona sabuni.

Ukiuzungusha ndo unapata mambo matamu. Kwenye barafu mpira unazungukia palepale kama gari kwenye tope la masika, hewani unaendelea kuzunguka bure halafu ukigusa chini ule mzunguko unang'ata na mpira unachomoka. Huu ndo mpira wa ukweli. Lakini ukitumia Unity, moja ya zile injini, jua kitu kimoja: mzunguko wa kitu chochote umewekewa kikomo mpaka wewe ukibadilishe, na kwenye matoleo ya zamani kilikuwa radiani 7 kwa sekunde, mzunguko mmoja na kidogo. Mpira wa kawaida pale una nusu kipenyo ya 0.5, zidisha, unapata mita 3.5 kwa sekunde, kama kilomita 12 na kidogo kwa saa, spidi ya mtu anayekimbia asubuhi kule Njiro. Mimi sikusoma maelezo, kosa langu mwenyewe, nikakaa wiki mbili naongeza nguvu, nguvu ikafika 10,000, mpira bado unatembea kama umechoka. Badilisha ile namba iwe 50 au 100, uendelee na maisha.

Sa hivi nachanganya. Chini kwenye ardhi nazungusha, naongeza na msukumo mdogo wa katikati ili kidole kisisubiri, hewani naacha msukumo mdogo tu, kama robo. Kurudi nyuma nimefanya kuwe na nguvu zaidi ya kwenda mbele, mara moja na nusu hivi. Hii ya mwisho wachezaji hawaijui ipo ila nikiitoa tu wanaanza kulalamika kwamba mpira hausikii. Na kama una kuruka, mpe mchezaji ile sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mpira kutoka ukingoni, akibonyeza bado anaruka. Kwa sheria za dunia amechelewa, kwa macho yake amewahi, na hapa macho yake ndo sheria.

Graviti nayo. Ukiacha 9.81 mpira unaonekana kama puto, na sababu sio kwamba injini imekosea. Mpira wako una upana wa mita nzima kwenye ile dunia, ila mtu akiuona kwenye simu akili yake inauona kama gololi, na gololi ikianguka urefu wake yenyewe inatumia muda mfupi kuliko kukonyeza. Kitu cha mita moja kikianguka mita moja kinatumia karibu nusu sekunde. Macho yanasema kimeelea. Panda mpaka mara mbili, mara mbili na nusu, mimi nimetulia kwenye 25.

Mpira unaojiendea

Hii nitapita haraka. Mpira unakwenda mbele wenyewe, wewe kazi yako kushoto na kulia. Slope, ile ya kwenye kivinjari, na Rolling Sky ya 2016 ndo wengi wanaijua njia hii. Ni rahisi kutengeneza kuliko zote mbili, kidole kimoja kinatosha, na mtu anacheza huku ameshika nguzo ya kifodi kwa mkono mwingine.

Mama wa duka hapa mtaani nilimpa zote tatu ajaribu. Ya kwanza alicheka tu akairudisha. Ya pili aliuliza, "Mwanangu, sasa naenda wapi?" Hii ya tatu alikaa nayo mpaka mteja akagonga sarafu kaunta mara mbili. Kwa hiyo siidharau.

Ila kwa swali la mpira wenye uzito na utamu wa kubingirika, hapa mpira ni pambo. Uweke boksi, uweke kuku, gemu ni lilelile. Utamu wake ni wa mdundo, ndo maana Rolling Sky imefungwa na muziki. Kama unajua kupiga biti kuliko unavyojua fizikia, njia yako ni hii usihangaike na mengine. Jua tu kwamba hii aina imejaa huko sokoni mpaka basi, na wengi wanaishi kwa matangazo, yaani mtu anaanguka anaangalia tangazo anaanguka tena.

Kuna ya nne ambayo hukuniuliza ila ningejilaumu nisipoitaja, Katamari Damacy ya Namco, 2004, ya Keita Takahashi. Mpira unaokota kila kinachogusa, unaanza na pini na vifutio unamaliza na majengo. Ukiwa mdogo ukingo wa meza ni ukuta, ukikua ni tuta, ukikua zaidi umeubeba. Ni wazo tamu kuliko yote niliyotaja, na kwa simu ya bei ya kawaida yenye RAM ya kubahatisha ni wazo la kukuua, kwa sababu kila ulichookota lazima kichorwe na kibebwe. Liache la tatu au la nne.

Fizikia ya injini au ya kuandika mwenyewe

Watu wanabishana injini ya Unity au ya Godot kana kwamba ni Simba na Yanga. Kwa mpira mmoja unaobingirika zote zinatosha. Godot ni ya bure moja kwa moja na haina masharti ya mapato. Unity wao 2023 walitangaza tozo ya kila gemu linaposakinishwa, watu wakawaka dunia nzima, 2024 wakaifuta, kwa hiyo kila mtu na moyo wake. Mafunzo ya Unity ni mengi zaidi, Godot inafunguka haraka kwenye laptop dhaifu. Chagua ile ambayo rafiki yako wa karibu anaijua, maana saa tano usiku utamuhitaji.

Swali zito zaidi ni kama utaiachia injini fizikia au utaiandika mwenyewe. Ya injini ina mitego mitatu ambayo mpira unaionyesha kuliko kitu kingine chochote.

Wa kwanza ni maungio. Umepanga vipande vya sakafu kama tailizi, kwa macho vimenyooka kabisa, lakini mpira ukipita juu ya maungio unaruka kidogo, tik, tik, kama kuna kokoto. Injini inadhani umegonga ubavu wa kipande cha pili. Dawa ni kuunganisha sakafu yote iwe kolaida moja, yaani umbo moja ambalo injini inalitumia kuhesabu migongano, na pale unapoweza tumia umbo lenye mkunjo badala ya viboksi.

Wa pili ni mpira kupita ukutani. Unity inahesabu fizikia mara 50 kwa sekunde, yaani kila sekunde 0.02. Mpira wa mita 30 kwa sekunde unaruka sentimita 60 kati ya hesabu na hesabu. Kama gololi yako ina upana wa sentimita 20 na ukuta wa sentimita 10, hesabu moja iko huku hesabu inayofuata iko kule, ukuta hakuuona mtu. Kuna setingi ya kuangalia njia nzima, iwashe kwa mpira peke yake usiwashe kwa kila kitu, na kuta zifanye nene kwa nyuma ambako hakuonekani.

Wa tatu ndo uliniumiza kichwa zaidi kwa sababu haueleweki. Skrini inachora mara 60, fizikia inahesabu mara 50. Kila picha sita, picha moja mpira haujasogea. Mtu hawezi kukwambia kuna nini, atakwambia tu gemu lako lina kitu kama kwikwi. Washa ule ulainishaji wa katikati ya hesabu, kwikwi inaisha. Godot inahesabu mara 60 tangu mwanzo, kwa hiyo huko unaweza usiione mpaka siku utakapokutana na simu ya skrini inayochora mara 90 au 120.

Kuandika mwenyewe maana yake unatupa mpira wa injini, unauhesabu wewe, ardhi iko wapi, mteremko unaelekea wapi, spidi ikatwe vipi. Ni kazi ya mwezi kama unajua hesabu za vekta. Faida yake mpira hauna siri kwako, na utaitikia vilevile kwenye simu ya laki na nusu na ya milioni. Kwa gemu la kwanza mi nasema hapana, tumia ya injini, ziba hiyo mitego mitatu. Kwa gemu la pili utaamua ukiwa na hasira zako mwenyewe.

Ukuta, ukingo wazi, au mfongo

Kuta pembeni, mchezaji haogopi, anasinzia. Ukingo wazi pande zote, anaogopa sana, anatembea kama amebeba mayai na spidi yote uliyoihangaikia haitumii. Nilikwama hapa muda mrefu mpaka siku nimeenda nyumbani Kibosho nikawa nimekaa kando ya mfongo, ile mifereji ya wazee ya kuleta maji mashambani, parachichi bichi limeanguka ndani linashuka na maji, linapanda ubavu huu kidogo, linarudi katikati, linapanda ubavu ule, linarudi. Halitoki. Na halijagonga ukuta wowote.

Basi barabara zangu nyingi sa hivi ni mifongo. Mpira wenyewe unarudi katikati kama umetulia, na kama una spidi unapanda ubavu mpaka karibu na ukingo, mchezaji anapiga kelele, unarudi. Anaogopa bila kufa. Ukitaka afe, punguza kina cha mfongo pale kwenye kona. Kwa njia ya kuinamisha dunia mfongo unapunguza makali mno, kule ukingo wazi ndo mchezo wenyewe. Kwa njia ya kusukuma, mfongo ni dawa.

Masikio

Hapa ndo uzito unapokaa, na hapa ndo watu wanatumia dakika tano za mwisho. Nilirekodi kwa simu, gololi ya chuma kwenye sinia la bati, kwenye ubao wa mninga, kwenye sakafu ya tailizi ya shemeji yangu usiku watoto wamelala, ikabidi nimnunulie soda kwa usumbufu. Sauti ya kubingirika inazunguka bila kukatika, na spidi inapopanda unapandisha vitu viwili, ukubwa wa sauti na wembamba wake, ila wembamba usipande sana, ukivuka mara moja na nusu inakuwa mbu. Sauti ya kugonga iwe na matoleo kama manne hivi ya bahati nasibu, na ukubwa wake ufuate nguvu ya mgongano, na migongano midogomidogo uinyamazishe kabisa la sivyo mpira ukikaa chini unatetemesha meno.

Halafu mpira ukitoka ardhini, kata sauti. Kimya kabisa. Nusu sekunde ya kimya ukiwa hewani, ndo inaufanya ule mgongano wa kutua uonekane umeshuka na kilo mia. Dogo wa saluni, toleo lenye kimya hicho, aliniuliza nimeongeza uzito kiasi gani. Sikugusa namba hata moja.

Kamera kwa kifupi. Ukiinamisha dunia, kamera ndo dunia, tumeshaongea. Ukisukuma, kamera ifuate kule mpira unakoelekea, ila spidi ikishuka sana isigeuke, maana mpira uliosimama hauna uelekeo na kamera itaanza kutafuta kama kuku aliyepotelewa vifaranga. Upana wa kuona wa kamera uanze nyuzi 60, upanuke mpaka 75 kwenye spidi kali, polepole.

Sasa dogo, uchague lipi. Kama unataka gemu la levo fupi za dakika moja moja, la watu wabishi wanaorudia levo mara hamsini, inamisha dunia kwa kidole gumba na uufiche ule ujanja wa graviti. Kama una miezi miwili na unataka kitu mama wa duka atakicheza, uache mpira ujiendee utafute biti kali. Lakini umesema unataka mpira, na nimekuona ulivyokuwa unaibingirisha ile gololi ya beringi mezani huku tunaongea, unaisukuma kwa kidole, unaikatisha, unairudisha. Kwa hiyo sukuma. Anza na sakafu moja tupu, mpira mmoja, graviti 25, sauti ya sinia la bati, na usiweke levo yoyote mpaka ujikute umekaa nusu saa unauzungusha tu hapo hapo bila kwenda popote.

Mimi bado nina mfongo mmoja unanisumbua, kona ya pili, mpira unagonga kitu nisichokiona unaruka, tik. Nadhani ni maungio. Jumamosi ukija na laptop tutalitafuta wote.